Sanduku la Wasomaji: Mbona Hatukucheka?

Barua nyingi za safari hii zimehusu filamu moja ya Kimarekani ya mwaka 2005, Looking for Comedy in the Muslim World, yaani Kutafuta Vichekesho katika Ulimwengu wa Waislamu. Albert Brooks ameitunga, ameiongoza na ameigiza ndani yake akiwa Albert Brooks yuleyule, mchekeshaji ambaye kazi zimempungukia. Serikali ya Marekani inamwita kupitia Fred Thompson, ambaye katika maisha ya kweli alikuwa mwigizaji na pia seneta wa Tennessee. Anatumwa India na Pakistan akachunguze nini kinawachekesha Waislamu, arudi na ripoti ya kurasa 500, na akifaulu huenda akavishwa nishani kubwa ya rais. Anafika Delhi, anamwajiri msaidizi anayeitwa Maya, anawauliza wapita njia maswali, anaandaa onyesho ambalo hakuna anayelicheka, anavuka mpaka usiku na kukaa Pakistan kwa saa chache. Mienendo yake inazitia India na Pakistan wasiwasi hadi anarudishwa kwao. Kwa ambaye hajaiona, hayo yanatosha kufuata majibu yetu.

Tuliitazama nyumba nzima kwa sababu ya jina lake. Dakika 98 ziliisha tukiwa tumecheka mara mbili tu, na Waislamu wenyewe hatukuwaona. Tumeshindwa kuielewa sisi, au filamu ndiyo iliyoshindwa?
*Msomaji, Tanga*

Hamkushindwa. Jina la filamu ni ahadi, na hii imeahidi kitu kimoja ikaleta kingine. Anayechekwa humu si Mwislamu wala Mhindi. Ni Mmarekani anayetafuta kitu ambacho hana macho ya kukiona. Kwa hiyo Mwislamu anayeketi akisubiri kujiona kwenye kioo anajikuta kwa zaidi ya saa moja na nusu akimtazama mtu wa Los Angeles anayejitazama mwenyewe.

Kuna sehemu moja inayoonyesha vizuri Brooks alikusudia nini, na watazamaji wengi huipita bila kuiona. Shujaa wetu yuko Agra na msaidizi wake. Anatembea akiongea, mawazo yote yako kwenye shida zake, nyuma yake Taj Mahal imesimama yote, na hageuzi hata shingo. Hapo mtu acheke kwa kuwa mgeni amepitwa na jengo maarufu. Lakini liko jambo la ndani zaidi: Taj Mahal ni kaburi ambalo Shah Jahan, mfalme Mwislamu wa Wamughal waliotawala India, alimjengea mkewe Mumtaz Mahal. Mtu aliyetumwa kuutafuta ulimwengu wa Waislamu ameupa mgongo. Huo ni mzaha uliotungwa kwa akili nyingi sana. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayeusema. Usipokuwa unaijua historia ya jengo lile, unaona mtu anatembea tu.

Kuhusu Waislamu kutoonekana, malalamiko yenu ni ya haki. India si nchi mbaya kwa uchunguzi huo: sensa ya 2001 ilihesabu Waislamu milioni 138, asilimia 13.4 ya watu wote, idadi inayozidi ya nchi nyingi zinazoitwa za Kiislamu. Filamu yenyewe inajua kuwa wengi wa Wahindi ni Wahindu na inalifanyia mzaha. Tatizo ni kwamba baada ya mzaha huo, huko India haimtafuti Mwislamu hata mmoja na kumpa nafasi ya kuchekesha. Hatuingizwi nyumbani kwa mtu, hatukai barazani na wazee wa Delhi ya kale, hatusikii hadithi hata moja ya Mulla Nasruddin, mjanja wa ngano kama Abunuwasi wetu, ambaye jina lake linajulikana kuanzia Uturuki hadi India. Mtu anatafuta kicheko cha Waislamu na jina hilo halimtoki mdomoni! Hilo si kosa la mhusika peke yake. Mtunzi angeweza kutuonyesha sisi kile ambacho mhusika wake hakioni, kama alivyofanya pale Agra, na hakufanya.

Kisha kuna lile swali la barabarani. Mtu akikusimamisha Kariakoo na karatasi mkononi akakuuliza, "Wewe hucheka nini?", utamjibu nini? Utatazama kama kuna kamera. Kucheka kunahitaji ruhusa, na kwetu ruhusa hiyo ina jina: utani. Mpare na Mchaga wanaweza kusemana maneno ambayo mtu wa tatu akiyatamka ni ugomvi. Mjukuu anamwita bibi yake mke na hakuna anayeshtuka. Kwenye msiba, mtani anaruhusiwa kuiga mwendo wa marehemu na kudai pesa ndipo shughuli iendelee, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa hayajakauka. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, si maadui wa jadi. Katika mifano yote hiyo masharti ni yaleyale: tunajuana, nawe una haki ya kunirudishia, na kila mmoja anajua mpaka uko wapi. Mtu wa Brooks hana hata sharti moja. Ameletwa na serikali, anakwenda kuandika ripoti, na waliohojiwa hawana njia ya kumrudishia. Kuanzia hapo kushindwa kwake kuna sababu inayoeleweka, na filamu ingekuwa tamu zaidi kama ingeifuata sababu hiyo badala ya kurudia tokeo lake.

Kwa jinsi tunavyoiona, ni filamu yenye wazo la daraja la kwanza na utekelezaji wa daraja la tatu. Hata kwao haikupata watu: mapato ya majumba ya sinema Marekani hayakufika dola milioni 1.

Lile onyesho la Delhi lilinisumbua. Wahindi wale wanajua Kiingereza. Sasa kwa nini ukumbi mzima ukae kimya?
*Msomaji, Muscat*

Umeuliza penyewe, kwa sababu onyesho lile ndilo moyo wa filamu na kila sehemu yake imeshindwa kwa sababu tofauti. Tuchukue tatu.

Kichekesho ni mtego. Kwanza unategwa: msikilizaji anapewa maelezo yanayompeleka upande mmoja. Halafu unafyatuka: neno moja linamgeuza ghafla. Usipofyatuka, angalia ni kipande kipi hakikuwapo kichwani mwa msikilizaji.

Kipande cha kwanza ni mchezo wa maneno. Brooks anauliza kwa nini India hakuna Halloween, na jibu lake linacheza na jina la Gandhi. Mtego huu una vipande viwili. Lazima ujue kuwa usiku wa tarehe 31 Oktoba watoto wa Marekani hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Na lazima neno la Kiingereza la peremende, candy, lisikike masikioni mwako kama Gandhi, jambo ambalo hutokea kwa matamshi kama ya Brooks. Mhindi hutamka Gandhi kwa "a" ndefu, Gaandhi. Maneno hayo mawili kwake hayakaribiani. Kwa hiyo hata mtu mwenye shahada ya Kiingereza hakusikia mchezo wowote. Alichosikia ni mgeni anayesema kwamba Wahindi wameondolewa Gandhi, tena katika mji uleule ambao Gandhi alipigwa risasi tarehe 30 Januari 1948, na ambako mahali alipochomewa, Raj Ghat, ni pa kumbukumbu ya taifa. Mtego ulifyatuka, lakini ukafyatukia upande wa msiba.

Kipande cha pili ni kikaragosi. Brooks anajifanya mtu anayekisemea kikaragosi bila kufungua midomo, lakini midomo yake inachezacheza waziwazi. Anachokidhihaki ni wasanii wabovu wa fani hiyo. Alikifanya kwenye televisheni za Marekani tangu miaka ya 1970 na watu walivunjika mbavu, kwa kuwa walikuwa wamewaona wasanii wa namna hiyo wengi mno na walijua kuwa yeye si mmoja wao. Anayedhihaki ubovu lazima kwanza aaminiwe kuwa anaweza kufanya vizuri. Delhi hawakumjua. Isitoshe, India ina mabingwa wake wa fani hiyo, kama Ramdas Padhye, na Rajasthan ina vikaragosi vya kamba, kathputli, vya tangu zamani. Watu hao wanajua kazi nzuri ikoje. Wakimwona mgeni anabananga, wanamhurumia, na huruma haikai pamoja na kicheko.

Cha tatu ni kuigiza papo kwa papo. Katika mchezo wa kawaida, msanii huwaomba watazamaji mapendekezo, kisha akayaigiza palepale. Brooks anayaomba, halafu anayabadilisha moja baada ya jingine hadi hakuna lililobaki la watazamaji. Mzaha ni kwamba anavunja kanuni. Lakini mtu asiyeijua kanuni hawezi kuona kuwa imevunjwa. Ni kama kumwonyesha mchezaji wa bao aliyeiba kete mbele ya mtu ambaye hajawahi kuliona bao.

Ukiziangalia zote tatu, ya kwanza peke yake ndiyo yenye tatizo la lugha. Mbili zilizobaki ni dhihaka juu ya desturi za jukwaa la Marekani, na dhihaka ndiyo aina ya kichekesho isiyosafiri kabisa, maana hula mgongoni mwa kitu kingine: kitu hicho kisipokuwapo, nayo haina pa kukaa.

Kwa mpangilio, mtu yule angeokoa sehemu ya usiku wake. Angeanza na dakika tatu za kujicheka yeye aliye ugenini: njia ya Delhi anavyoivuka, chakula kinavyomtoa jasho. Hapo angelipia ruhusa. Kikaragosi kingefuata, lakini kwanza akichezeshe vizuri kwa sekunde 30, watu waone anaweza, ndipo kianze kuharibika. Mchezo wa Gandhi angeuacha hotelini.

Linganisha na yanayotokea Pakistan. Kule anakaa usiku mbele ya kundi dogo la wachekeshaji wanaochipukia, na wanacheka karibu kila anachosema. Ni watu wa fani. Wanajua mtego ni nini hata kama hawajui Halloween. Yeye anarudi akiamini amegundua jambo juu ya Pakistan, kumbe amegundua jambo juu ya mafundi wenzake.

Je, ni kweli kampuni iliikataa filamu hii kwa sababu ya neno "Muslim"?
*Msomaji, Lamu*

Ni kweli. Sony Pictures ilitaka jina libadilishwe mwaka 2005, Brooks akakataa, na Warner Independent Pictures ikaichukua. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Dubai Desemba 2005, ikaingia majumba ya sinema Marekani tarehe 20 Januari 2006. Kumbuka wakati wenyewe: vikatuni vya Mtume katika gazeti la Denmark vilikuwa vimechapishwa Septemba 2005, na maandamano yalipamba moto Januari na Februari. Woga ulikuwepo. Lakini ndani ya filamu hakuna neno la kuudhihaki Uislamu, Mtume wala ibada. Aliyeiogopa aliliogopa jina.

Natafsiri filamu kwa Kiswahili na kuandika maandishi ya chini ya picha. Sehemu za huzuni zinatoka vizuri, lakini vichekesho vinakufa mikononi mwangu. Nifanyeje?
*Mtafsiri, Mombasa*

Anza na vipimo, kwa sababu vichekesho vingi huuawa na saa kabla ya kuuawa na lugha. Kiwango kinachotumika sana ni mistari isiyozidi 2, kila mmoja usizidi herufi 42 pamoja na nafasi. Maandishi yakae kwenye kioo angalau sekunde 1 na yasizidi 7. Macho ya mtu mzima husoma kama herufi 17 kwa sekunde. Kiswahili chetu kina maneno machache lakini marefu: "nitakapomwambia" peke yake ni herufi 15, karibu sekunde nzima ya kusoma. Mwigizaji anayesema haraka atakuacha nyuma, basi punguza. Katika kichekesho, kata mtego, usikate mfyatuko.

Kosa la pili, na ndilo tunaloliona mara nyingi, ni kumfichulia mtazamaji. Mwigizaji anasema utangulizi, ananyamaza sekunde mbili, kisha anapigilia neno la mwisho. Wewe umeandika yote kwa pamoja. Watu wamesoma, wamecheka, na mwigizaji hajafika. Akifika, ukumbi umekwisha kupoa. Gawa maandishi mahali anapopumua. La mwisho liingie pamoja na sauti yake, si nukta moja mapema.

Neno linalofyatua liwe la mwisho kabisa kwenye mstari. Kiswahili kinakusaidia hapa, kwa kuwa sifa hukaa nyuma ya jina: "Nimekuletea mchumba mzee" inafyatuka yenyewe. Lakini kinakuponza katika maelezo ya mahali na wakati, tunayoyapenda mwishoni. Ukiandika "Alimuoa mama mkwe wake mwaka jana huko Moshi", umezika mtego chini ya mwaka na mji. Geuza: "Mwaka jana huko Moshi akamuoa mama mkwe wake." Wala usikate mstari kati ya "wa" na jina linalofuata, jicho linajikwaa.

Sasa mchezo wa maneno, kama ule wa Gandhi. Njia ziko tatu na hakuna iliyo sahihi siku zote. Ukipata mchezo wa Kiswahili wenye kazi ileile, tumia huo hata kama maneno ni mengine kabisa. Lugha yetu imejaa vifaa, paa la nyumba na paa wa porini, kupaa angani na kupaa samaki, kaa la moto na kaa wa pwani. Usipopata, tazama nyuso kwenye picha. Kama wahusika hawachekeshwi na mzaha huo, kazi yako ni kumfanya mtazamaji aone kuwa ni mzaha mbovu, basi tunga mzaha mbovu wa Kiswahili. Katika onyesho la Delhi hiyo ndiyo tafsiri ya kweli: ukiandika kitu kitamu sana, umeiharibu filamu, kwa kuwa ukumbi uko kimya na mtazamaji wako anacheka. Njia ya tatu ni kuacha mchezo na kutafsiri maana tupu, na hii ni ya mahali ambapo mzaha ni wa kupita tu. Kamwe usiweke maelezo kwenye mabano. Hakuna aliyewahi kucheka kwenye mabano.

Kama kazi yako ni ya sauti, kwa namna ya DJ Afro kule Kenya au marehemu Lufufu aliyekuwa akisikika kwenye vibanda vya video Tanzania, sheria zinabadilika. Wewe hapo ni msimulizi juu ya filamu, unaruhusiwa kuwa mtani wa wahusika: kumpa jambazi jina la mtaani, kumwonya shujaa, kumsuta mke wake. Hiyo ni sanaa kamili. Shida yake ni moja, nayo ni kunyamaza. Filamu ya kimya kirefu kama hii ya Brooks itakuvuta ujaze kila nafasi, na kimya kile ndicho kichekesho chenyewe. Acha sekunde tatu nne za ukumbi uliopooza zisikike, kisha sema neno moja.

Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani. Nimeitwa hotelini Nungwi kuchekesha dakika 15 mbele ya watalii wa nchi mbalimbali pamoja na wenyeji. Nitumie vichekesho gani?
*Mchekeshaji, Unguja*

Usiandae dakika 15. Andaa 20, upange kutumia 12. Ukumbi wa mchanganyiko hucheka kwa kuchelewa, kwa sababu anayesikiliza lugha yake ya pili anahitaji muda wa kutafsiri kichwani. Mfyatuko wako utakula sekunde mbili zaidi kuliko Dar, na ukiwahi kuendelea unakifunika kicheko chako mwenyewe. Hesabu moja, mbili, kabla ya neno linalofuata.

Fika jioni moja mapema. Muulize mhudumu wa baa, si meneja, wageni wametoka wapi na wamekuwa wakicheka nini wiki hiyo. Utapata vitu vitano ambavyo kila mtu ukumbini amevipitia: foleni ya uwanja wa ndege, daladala, umeme kukatika, papasi wa ufukweni wanaowaandama wageni, bei inayobadilika ukigeuka. Hivyo ndivyo mtego wako, maana viko kichwani mwa Mtaliano na mwa mtu wa Makunduchi kwa wakati mmoja. Siasa za nchi yoyote, matangazo ya televisheni, majina ya wasanii wa Bongo: weka kando.

Dakika mbili za kwanza jicheke mwenyewe. Halafu wacheke wenyeji, kwa kuwa hao ni watu wako na una utani nao. Watalii waje wa tatu, ukiwa umeshapewa ruhusa, na uwape nafasi ya kukurudishia: muulize mmoja swali, ukubali jibu lake likushinde. Anayerudishiwa akanywea hupendwa na ukumbi wote.

Usitumie mkalimani kama unaweza kuepuka. Mkalimani anarefusha kila kitu maradufu, na kicheko kinagawanyika vipande viwili vidogo. Ikiwa hakuna njia, mpe maandishi siku moja kabla, mpitie pamoja, na umwambie akiona mzaha hautafsiriki aseme palepale, "Amesema mzaha, tafadhali chekeni." Wakalimani wameitumia mbinu hiyo sana na inafanya kazi, lakini ni mara moja tu kwa usiku.

Mwili hautafsiriwi. Mtu anayejaribu kuvua kiatu kilichojaa mchanga huku akijifanya hana shida anaeleweka na kila mtu. Tenga dakika 4 kati ya 12 za kutosema neno.

Na jambo la adabu. Ukumbi huo uko katika kijiji, si angani. Watakuwepo wahudumu wenye baba na mama zao karibu. Mzaha wa kitandani utawachekesha wageni wa meza ya mbele na kumfanya kijana aliyeshika sinia atazame chini. Ukiona hivyo, umeshapoteza nusu ya watu wako.

Kuna kichekesho chochote ambacho kimethibitika kuvuka mipaka?
*Msomaji, Bujumbura*

Kipo, nasi sote tumekisikia. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha na sufuria ndogo ndani yake: "Sufuria yako imezaa." Jirani anapokea zote mbili bila swali. Siku nyingine anaazima tena, na hairudishi. "Sufuria yako imekufa." "Sufuria hufaje?" "Iliyozaa ikaaminika, ikifa mbona haiaminiki?" Waturuki wanakisimulia kwa jina la Nasreddin Hoca, Waarabu wanamtaja Juha, na kwetu mwenye nacho ni Abunuwasi, jina la mshairi wa kweli wa Baghdad wa zama za akina Harun al-Rashid.

Kitazame kama fundi. Kifaa ni sufuria, ipo kila jiko. Watu ni wawili. Hatua ni tatu, na ya pili ndiyo injini: jirani anakubali uongo kwa sababu una faida. Tamaa hiyo haihitaji kuelezwa popote duniani. Hakuna mchezo wa maneno isipokuwa kuzaa na kufa, na kila lugha ina maneno hayo. Na anayechekwa amejitega mwenyewe, kwa hiyo msikilizaji haoni haya kumcheka. Mtunzi anayetaka kazi yake isafiri apime kila mzaha kwa maswali hayo: kifaa kipo kila mahali? Watu ni wachache? Kosa ni la tabia au la desturi? Likiwa la desturi, litabaki kwenu.

Nina watoto wa miaka 9 na 14. Niwaonyeshe filamu hii?
*Mzazi, Nakuru*

Huko Marekani iliwekewa alama ya PG-13, yaani tahadhari kwa wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 13, kwa sababu ya matumizi ya dawa za kulevya na neno kali mahali pachache. Wa miaka 9 ataichoka kabla ya nusu saa hata ukimruhusu. Huyo wa 14 mweke karibu nawe, umweleze kwanza Halloween ni nini, na mfikapo Agra usiseme kitu. Subiri uone kama atakuuliza lile jengo jeupe ni la nani.